Kompyuta Iliyovaa Gauni

Kompyuta ile ilikuwa na tabia za mgeni mkubwa: haamshwi kwa haraka. Salmah akiiwasha asubuhi, bibi yake Ramula alipata muda wa kuosha vikombe, kuwamwagia kuku pumba, na kufagia tangu ukumbini hadi njiani. Akirudi, kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo kama mbwa anayetafuta pa kulala. Ramula hakuwa mtu wa pupa. Alikuwa amelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja katika nyumba ileile ya Nyamwamba, na alijua maharage hayaivi kwa kutazamwa. Lakini wiki ile hata yeye alianza kukitazama kile kiduara kwa jicho baya.

Maana wiki ile neno lake lilikuwa humo ndani.

Hajati Hamidah wa Bwera, muuza vitenge, alikuwa amemwoza binti yake Hidayah. Kwanza alitaka kuita wapiga video wa mji mkubwa, wale wanaokuja na gari lao na miavuli yao ya taa. Ramula akamwambia, "Hamidah, usiende mbali. Salmah wangu anaweza." Walikuwa marafiki tangu ujana, wote wawili wameolewa na watu wa malori, wakisubiri pamoja waume waliochelewa njiani. Hajati akasema, "Kama ni neno lako, Ramula, basi."

Salmah alipiga picha za nikaha kwa siku mbili. Sasa ilibaki kuviunga vile vipande mia tatu na zaidi viwe video moja, na video hiyo ilitakiwa Bwera Ijumaa, baada ya swala, siku bibi harusi atakaporudi na mumewe kumsalimu mama yake. Nyumba nzima ingekaa mbele ya televisheni kuitazama, na majirani, na kina mama wenye mabinti wa kuozwa. Ikipendeza, Salmah angekuwa na kazi mwaka mzima. Isipofika, Salmah angekuwa na jina baya kabla hajapata jina zuri, na Ramula asingejua pa kuuweka uso wake mbele ya Hamidah.

Jumanne asubuhi Salmah alitoka chumbani akiwa amejishika kichwa.

"Jajja," alimwita bibi yake, "imekwama tena. Nikikata kipande kimoja, inakaa inafikiri mpaka nasahau nilikuwa nakata nini."

"Umeiambia pole pole?"

"Nimeibembeleza, Jajja. Nimeiimbia kabisa."

Ramula alicheka. "Basi kuimba kumekwisha. Tuipeleke kwa fundi."

Alipiga magoti na kuivua kompyuta gauni lake.

Gauni ndivyo walivyoliita wenyewe. Marehemu Musitafa, mume wa Ramula, ndiye aliyemnunulia mjukuu wake kompyuta ile alipomaliza sekondari. Ilikuwa imetumika, lakini aliileta kutoka Kampala ndani ya lori, imekaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda kama abiria. Mwaka uliofuata Musitafa alifariki. Katika miezi minne na siku kumi za eda, Ramula hakutoka, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alichukua uzi mweupe mnene, akaufuma mara mbili mbili kwa kulabu, akaifumia kompyuta, lile sanduku lake lililokaa chini kando ya meza, kitambaa kilichoifunika pande zote na kugusa sakafu, chenye maua pembeni. Vumbi la malori lisiiguse. Redio ilikuwa na kitambaa chake, viti vilikuwa na vyao, lakini hakuna kilichovaa vizuri kama kompyuta ya Musitafa.

Alikikunja kitambaa, akakiweka juu ya kitanda. Kompyuta ilikwenda mjini uchi, mapajani mwa Salmah, juu ya bodaboda.

Asanasio fundi alikuwa na chumba kimoja karibu na stendi ya Kasese, kimejaa kompyuta zilizopasuliwa kama samaki wa kukaushwa. Alikuwa kijana wa Bulembia, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ramula alipoingia, jambo la kwanza alilofanya si kuuliza kompyuta ina nini. Alihamisha rundo la nyaya kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa kiganja, akageuza feni imwelekee. Ramula aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Asanasio alipoifungua kompyuta na kupuliza vumbi lililokuwa ndani, alisema, "Jajja, hii computer haiko mgonjwa. Iko mzee tu. Na mzee ukimpa jembe mpya, analima."

"Mzee gani unayemsema mbele yangu?"

"Pole, Jajja! Nasema computer!"

"Endelea, mwanangu. Huyo mzee anataka jembe gani?"

Asanasio akachomoa kisanduku cha chuma. "Hii ni diski. Ndani iko na sahani inazunguka. Kila kitu Salmah anaomba, inazunguka kutafuta, kama mtu anatafuta sindano kwa sanduku ya nguo." Kisha akatoa kingine, chembamba kama biskuti. "Hii mpya haizunguki. Unaomba, imeshakupa. Hii niko nayo hapa."

"Weka," alisema Salmah haraka.

"Ngoja. Iko na shida ya pili." Akachomoa kibao kirefu cha kijani chenye meno ya dhahabu. "Hii ni ramu. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza yenu ni ndogo, Jajja. Salmah akiweka kitu moja, ingine inaanguka chini, inainama kuokota. Tukipata meza kubwa, anaweka harusi yote juu. Lakini ramu niko nazo ni za computer mpya. Tazama."

Alishika ya zamani na mpya pamoja. Zilifanana kama mapacha, ila kila moja ilikuwa na kipengo kidogo kati ya meno yake, na vipengo havikukaa mahali pamoja.

"Haiingii," alisema. "Ukilazimisha unavunja. Za zamani ziko kwa Syahuka, kule Bwera. Anatoa kwa computer zimekufa. Lakini kwa simu Syahuka anasema ndiyo kwa kila kitu. Mara ya mwisho alinitumia ya laptop."

Salmah alimtazama bibi yake. Jumanne ilikuwa inaelekea adhuhuri.

"Kuhamisha vitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya kunachukua muda gani?" aliuliza Salmah.

"Hii inavyotambaa? Mpaka kesho. Na mtu anajua hiyo video akae karibu, aangalie kama vipande vyote vimefika."

Ramula alisimama, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo ya zamani. Kesho naenda Bwera nayo. Ukienda kununua kifungo, unaenda na kifungo. Salmah, wewe kaa hapa na harusi ya watu."

Asanasio alimtazama kidogo, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli. "Jajja, ungekuwa fundi, mimi ningelala njaa." Akaitia ramu moja kwenye kifuko cha fedha kinachometameta, akamwonya asiguse yale meno ya dhahabu. Ramula alikifunga kile kifuko kwenye pembe ya leso, mahali anapofunga vitu asivyotaka kupoteza.

Jumatano saa tatu alikuwa Bwera. Duka la Syahuka lilikuwa kwenye njia inayokwenda mpakani, na mwenyewe alikuwa mzee mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Alizoea wateja wa ng'ambo ya mpaka na aliongea kama wao.

"Karibu, mama. Asanasio alinipigia. Ananiambia, 'Syahuka, munamuke anakuja, usimupe ya bongo, ya kudanganya.'" Akapiga meza kwa furaha. "Mimi! Mutu ya Mungu kama mimi!"

"Basi mtu wa Mungu, nioneshe."

Syahuka alitoa kopo kubwa la biskuti, akalimwaga juu ya meza. Ramu zilimwagika kama samaki wadogo wa kijani. "Zote iko nzuri. Chagua."

Ramula alitandika leso, akaiweka ile ya mfano katikati, akaanza. Alichukua moja, akailaza juu ya mfano, akaziinua mbele ya mlango ili mwanga upite kwenye vipengo. Hapana. Nyingine. Hapana. Hii karibu, lakini imepishana kwa unene wa uzi. Alifanya kama alivyofanya miaka yote akitafuta vifungo vya sare za watoto, bila haraka, akiziweka zilizokataa upande wa kushoto. Syahuka aliacha kuongea. Baadaye alivuta kiti, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akaanza kumsaidia.

"Hii?"

"Hapana, baba. Tazama kipengo."

"Eeh! Mama iko na macho ya mutoto!"

"Ni macho ya kufuma."

Walipata tatu. Syahuka alizichomeka moja moja kwenye kompyuta yake ya kujaribia, na kila moja iliitikia kwa mlio mfupi, pi! Kila mlio Ramula alijikuta anapiga kofi kama mtoto.

"Nahitaji mbili tu."

"Bon, vizuri. Beba tatu. Moja ikikataa kule Kasese, utafanya nini? Utarudi tena? Utaniletea siku utapita."

"Nitapita Ijumaa."

"Basi Ijumaa. Mimi hapa, siendi."

Hakumjua, hakumwandika jina. Ramula alimshukuru kwa Kikonzo, wasingya, na yule mzee akainamisha kichwa chenye miwani mbili.

Njia ya kwenda kupanda gari ilipita mbele ya meza ya vitenge ya Hajati Hamidah. Ramula alivuta mtandio ukafunika nusu ya uso, akatembea kama mtu mwenye safari yake. Hakufika mbali.

"Ramula binti Hamim! Unapita Bwera unajificha kama mwizi wa kuku?"

"Hamidah! Nilikuwa naharakisha."

"Unaharakisha nini? Video iko tayari?"

Ramula alishika pembe ya leso yake. Uongo haukuja, na ukweli wote ulikuwa mrefu. "Iko jikoni," alisema. "Inaiva."

"Na iive vizuri, maana nimealika na wake za maafande kutoka kambini. Wale kila mmoja ana dada wa kuolewa. Nimewaambia, mjukuu wa Ramula ametengeneza." Hajati alimpa mkono, kisha akamsukumia mfuko wa vitumbua vya moto. "Mpe Salmah. Mtu anayefanya kazi anasahau kula."

Ramula alipanda gari na vitumbua mapajani na ramu tatu kwenye leso, na njia nzima, kupita mbuga mpaka Kasese, hakujua kama ni joto la vitumbua au la hofu linalompanda kifuani.

Alasiri ile chumbani kwa Asanasio watu watatu walikuwa wameinama juu ya kompyuta moja. Diski mpya ilikuwa mahali pake, na vipande vyote vya harusi vimehamia. Asanasio alichukua ramu ya kwanza, akaielekeza kipengo kwa kipengo, akabonyeza kwa vidole gumba. Tak. Ya pili. Tak.

"Jajja, washa wewe."

"Mimi?"

"Wewe ulileta."

Ramula alinyoosha kidole. "Bismillahi..." alianza, akabonyeza, "...rahmani..." na kabla hajamaliza kulitaja jina la Mola wake, kioo kilikuwa kimewaka, rangi zote, na picha ya Musitafa amesimama kando ya lori lake, ile ambayo Salmah aliiweka mbele, ikamtazama.

"Imewaka?" aliuliza. "Imewaka hivyo tu?"

"Hivyo tu, Jajja!" Salmah alikuwa anaruka. Alifungua video, ikafunguka. Alikata kipande, kikakatika. Alirudisha, akakata tena, akacheka, akamkumbatia bibi yake, akamkumbatia na Asanasio kabla ya kukumbuka haya. Ramula alipiga vigelegele mpaka wauza simu wa chumba cha pili wakaja mlangoni kuuliza nani ameolewa.

"Mzee amepata jembe!" aliwaambia.

Nyumbani, kabla ya kuvua viatu, Ramula aliiweka kompyuta sakafuni pembeni mwa meza na kuivalisha gauni lake. Alilinyoosha, akalishusha mpaka sakafuni pande zote. Salmah alifungua mdomo, akaufunga.

Alhamisi Salmah alifanya kazi kama mtu anayeteremka mlima. Vipande vilivyomtesa wiki mbili alivimaliza kabla ya adhuhuri. Aliweka kaswida, akaweka majina. Kisha ikabaki kazi ya mwisho, ambayo yeye aliiita kupika: kompyuta ichukue vipande vyote na kuvichemsha viwe kitu kimoja cha kuweka kwenye flashi. Kwenye kioo ilitokea namba, moja kwa mia, mbili kwa mia.

"Itachukua saa moja na nusu," alisema Salmah. "Jajja, nenda kapumzike ndani."

"Nipumzike leo? Nakaa hapa na wewe." Ramula alileta mkeka wake, uzi wake na kulabu yake, akakaa kando kabisa ya kompyuta, kama mtu anayemsindikiza mja mzito kujifungua.

"Jua la dirishani linakupiga hapo, Jajja. Ndani kuna baridi."

"Niache, mwanangu. Jua ni rafiki yangu."

Namba ilipanda. Arobaini. Hamsini. Ramula alikuwa anasoma dua kwa kila namba. Ilipofika sitini na moja, kompyuta ilitoa pumzi moja, ikazimika. Kioo kikawa cheusi.

Salmah aliiwasha tena, akaanza upya. Mara mbili alimwambia bibi yake akanywe maji, mara mbili Ramula alikataa kumwacha peke yake na mtihani ule. Safari hii iliishia arobaini na nne.

Salmah aliweka paji la uso juu ya meza. "Wake za maafande," alisema, sauti imezama kwenye mikono. "Jajja, kesho wote watakaa pale watazame ukuta."

Ramula alipiga simu mwenyewe.

Asanasio alikuja baada ya alasiri kwa pikipiki ya kuazima, ingawa chumbani kwake kulikuwa na watu wanamsubiri. Salmah alikuwa ndani anaswali. Fundi alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya kitambaa, akauacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akashika ncha ya kitambaa na kuitazama kwa muda.

"Jajja, umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nikiwa eda."

"Maua mazuri." Aliiachia ncha. "Mama yangu pia anafunika redio. Na mtungi. Na mimi, kama ningekaa kimya, angenifunika." Akatabasamu akitazama sakafu. "Jajja, nakuambia kitu. Hii computer, zamani ilikuwa inatembea pole pole. Mtu anatembea, hata ukimfunga blanketi, atalalamika tu, ataenda. Sasa mimi na wewe tumempa miguu. Anakimbia. Na leo amekimbia sana, hii kazi ya kupika ni mlima kabisa. Sasa mtu anakimbia mlima..."

Hakumalizia. Alimwachia yeye.

Ramula alitazama kitambaa chake, kizito, kimefumwa mara mbili, kimeshuka pande zote bila pa kuingilia hata nzi. "Hafungwi blanketi," alisema.

"Hafungwi, Jajja."

Alikiinua kwa mikono yake miwili. Joto lilimpiga usoni kama la sufuria inayofunuliwa. Kule nyuma, palipokuwa na matundu, uzi mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

"Ni mimi, basi," alisema taratibu. "Nilikuwa naiziba pumzi."

"Ni joto, Jajja. Leo ilikuwa joto sana."

Lilikuwa neno la huruma, na wote wawili walijua hivyo. Salmah alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa nguo za swala. Ramula alimgeukia akiwa na gauni mikononi.

"Salmah, ulijua?"

Salmah aliangalia vidole vya miguu yake. "Nilikuwa nakipandisha kidogo nyuma, Jajja. Nikisikia sandali zako nakishusha."

"Na leo?"

"Leo hukuondoka."

Hapo Ramula akaona yote: nenda kapumzike, jua linakupiga, kanywe maji, na yeye amekaa pale kama kisiki, na dua zake, akilinda kile kinachoua. Kicheko kilimtoka tumboni. Alicheka mpaka akashika ukuta, Salmah akacheka na machozi, na Asanasio, aliyekuwa anajizuia kwa adabu, akashindwa.

"Mtoto mjinga wewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikifuma kwa ajili ya Jajja Musitafa. Ningekuambiaje ukivue?"

"Musitafa alifungua madirisha ya lori hata mvua ikinyesha! Yeye mwenyewe angekitupa nje! Washa. Washa, tupike."

Waliiacha ipoe kwa muda wa kunywa chai moja. Kisha Salmah akaanza mara ya tatu. Asanasio alisema ataondoka ikifika ishirini. Ilipofika ishirini alisema thelathini. Mwisho aliacha kusema, akakaa chini kwenye mkeka na kikombe cha pili na vitumbua vya Hajati vilivyobaki. Feni ya kompyuta ilivuma, hewa ikatoka nyuma kwa raha. Arobaini na nne ilipita, Salmah akapiga ngumi hewani. Sitini na moja ilipita na watu watatu wakapiga kelele mpaka kuku wakakimbilia mgombani. Tisini. Tisini na tisa ilikaa, ikakaa, Ramula akaziba macho.

"Jajja, fungua. Imeiva."

Upepo wa jioni ulikuwa unashuka kutoka milimani, na Ramula alikuwa ametoka jasho la hofu. Salmah alichukua lile gauni la kompyuta, akamfunika bibi yake mabegani. Lilimfika kiunoni, maua yakakaa mikononi, zito na lenye joto. Ramula alijipapasa. Miaka yote ile alikuwa amekifuma kitu kizuri namna hii, akampa mtu asiyesikia baridi.

Ijumaa, baada ya swala, walipita kwanza kwa Syahuka kumrudishia ramu yake ya tatu. "Niliwaambia watu huyu mama anarudi," alisema, ingawa dukani hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

Nyumbani kwa Hajati Hamidah kulikuwa na viatu mlangoni mpaka njiani. Bibi harusi alikuwa amekaa katikati na mumewe, wake za maafande kwenye viti vya mbele, watoto sakafuni. Salmah alichomeka flashi. Televisheni iliwaka, lakini hakuna aliyeona kitu, kwa sababu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, zawadi ya Ramula mwenyewe ya sikukuu ya zamani.

Kabla Hajati hajainuka, Ramula alikuwa amekwisha kukifikia na kukiondoa. Akatazama nyuma ya televisheni, akapuliza vumbi.

"Hamidah, usiifunike ikiwa inawaka. Nayo inapumua."

"Tangu lini wewe umekuwa fundi?"

"Tangu jana."

Video ilianza. Watu walicheka walipojiona, waliitana majina, walinyamaza wakati wa nikaha yenyewe. Halafu kikaja kipande ambacho Ramula hakuwa amekiona. Siku ile mvua ilinyesha ghafla, watu wote wamekimbilia ndani kumtazama bibi harusi. Lakini kamera ya Salmah ilikuwa imegeukia nje, ukumbini, ambako mjomba mmoja wa bwana harusi, mzee wa magongo, alikuwa anaokota viatu vya wageni, jozi kwa jozi, na kuvisogeza pasiponyesha. Alidhani haonwi na mtu.

"Rudisha hapo!" alisema Hajati Hamidah. "Rudisha, mwanangu. Kumbe ni yeye? Tulitoka tukakuta viatu vikavu, hatukujua ni nani."

Salmah alirudisha. Ilirudi papo hapo, bila kiduara. Yule mjomba, aliyekuwa amekaa pembeni, alificha uso kwa kofia yake, na chumba kizima kikampigia makofi.

Ramula alimtazama mjukuu wake, aliyesimama kando ya televisheni na waya mkononi. Kumbe na wewe unaviona, alimwambia kimoyomoyo.

Mke mmoja wa afande alikuwa tayari anamvuta Salmah mkono, akimuuliza mwezi wa tisa yuko wapi, maana dada yake anaolewa. Mwingine alisema yeye alimwona kwanza. Hajati alipangusa macho, akahamia kwenye mkeka wa Ramula, akashika maua yaliyoning'inia begani kwake tangu nyumbani, akayageuza kuangalia mishono.

"Ramula, hii shali nzuri. Umenunua wapi?"

"Sikununua," alisema Ramula. "Nimemvua kompyuta."